Aya Niliyoikata Katikati

Nimestaafu uimamu. Najua mtasema imamu hastaafu, hufa. Hayo kayaambieni magoti yangu. Yalianza kustaafu yenyewe, la kulia kwanza, la kushoto likafuata, mpaka Ijumaa moja nikasujudu na kushindwa kuinuka, na maamuma wakadhani nimezama katika unyenyekevu. Mzee mmoja wa safu ya kwanza aliniambia baadaye kwamba hajapata kuona sijda yenye baraka kama ile. Sikumbishia.

Basi, wanangu mlioshika mimbari sasa, sogeeni niwasimulie kazi. Sitaki kuwafundisha fiqhi. Fiqhi mmesoma kunizidi, na vyeti mnavyo, vingine vina mihuri mitatu. Nataka kuwasimulia lile ambalo chuoni hawalifundishi: siku mkubwa anapokuja na gari lake, anavua viatu mlangoni, anaketi nyuma yako tu, na watu wote wanangoja wasikie utasema nini.

Siku hizi naona mambo yamerahisishwa. Mada inaingia kwenye simu Alhamisi, imepangwa tayari, aya zake zimo, na hata mahali pa kunyamaza kidogo ili watu waguswe pamewekewa alama. Kijana anapanda, anasoma kwenye kioo, mtu akipiga anakata, anaendelea na Siku ya Kiyama. Hongereni. Sisi ilibidi tukosee kwa akili zetu wenyewe.

Msikiti wetu, kwa asiyeujua, uko hapa mwambaoni mwa ziwa, mwendo mfupi kutoka Mbamba Bay. Una safu tatu, na ya tatu ikijaa ujue ni Idi au kuna msiba. Majirani zetu ni Waanglikana na Wakatoliki, na ukipanda huko juu Mbinga ni Wakatoliki na kahawa yao mpaka unachoka. Kuwa wachache kuna neema zake. Neema ya kwanza ni mikutano. Hakuna jambo la serikali lililofanyika huku bila kutafutwa paroko mmoja, padri mmoja na kanzu moja. Kanzu ndiyo iliyokuwa ikialikwa. Mimi nilikwenda kuisindikiza. Nimeketi meza kuu, soda mbele yangu, ua la plastiki kifuani. Nimeombea dua bomba la maji, matundu ya choo, na injini ya boti ambayo mpaka leo haijawaka.

Aliyeipenda sana kanzu yangu alikuwa kiongozi mmoja ambaye nitamwita Mheshimiwa tu. Cheo chake na chama chake niachieni. Alikuwa Mwislamu wa Idi mbili, na mwaka wa uchaguzi anaongeza na Ijumaa. Mtu mcheshi, mwenye mkono laini, anayekushika bega mnapoongea. Mtu akikushika bega na kukwambia wewe ni msomi kabla hajasema shida yake, jua shida hiyo ni kubwa kuliko usomi wako. Mimi sikujua. Nilikuwa na mwaka wa pili tu tangu nirudi kutoka chuoni pwani, na kilemba changu kilikuwa kikubwa kuliko sasa.

Sasa sikilizeni. Chini ya msikiti kulikuwa na mchanga ambao kina mama walianikia usipa, dagaa wetu wa ziwani. Nyinyi mnawajua usipa wakiwa kwenye sahani, lakini kabla ya hapo wanahitaji jua, upepo na mahali. Kila mama alikuwa na sehemu yake ya kuweka vichanja, ameachiwa na mama yake au mama mkwe. Hapakuwa na hati wala jiwe la mpaka, na hakuna aliyepata kugombana, kwa sababu kila mtu alijua. Sehemu ya katikati, penye upepo mzuri kuliko pote, ilikuwa ya mjane mmoja, Mama Mwanaidi. Kwa usipa wale alikuwa anamsomesha Mwanaidi, binti yake wa pekee, kidato cha pili. Msichana mwenyewe alikuwa na kichwa. Madrasa nilimfundisha mimi, na kila nikiuliza swali ilibidi nimwombe awaachie wenzake.

Mheshimiwa akaja na habari kwamba kuna mgeni mkubwa anakuja kutembelea ziwa. Mgeni atapita pale mchangani, na harufu ya usipa haifai. Kina mama waondoe vichanja kwa wiki mbili, mgeni akishapita watarudi. Akaitisha mkutano. Mama Mwanaidi akasimama, akaamkia vizuri, kisha akauliza, "Mheshimiwa, mgeni anayekuja ziwani na hataki kunusa samaki, anakuja kufanya nini?" Watu wakacheka. Mkutano ukaishia hapo.

Siku ya pili Mheshimiwa alikuwa kwenye baraza yangu, mkono begani.

"Ustadhi, wewe ni msomi. Hawa kina mama mimi hawanisikii. Wewe wanakusikia."

"Nifanye nini, Mheshimiwa?"

"Wakumbushe tu dini inasemaje kuhusu kuwatii viongozi. Si ndiyo ilivyoandikwa? Mimi siwezi kukufundisha kazi yako."

Alikuwa ananifundisha kazi yangu.

Alikwenda pia kwa Padri Augustino, Mwanglikana, jirani yangu tuliyekuwa tukiazimana baiskeli, akamwomba naye ahubiri kutii mamlaka, maana na wao wana maandiko yao ya jambo hilo. Padri akamjibu kwa huzuni kubwa kwamba angependa sana, lakini masomo ya Jumapili yamepangwa kwenye kalenda ya kanisa, na Jumapili ile ilikuwa zamu ya mwana mpotevu. Mheshimiwa akaondoka anamshukuru. Nilimcheka Padri kwa kufungwa na kalenda. Sisi khatibu anachagua mwenyewe, ndiyo maana hana pa kujifichia.

Ijumaa nikapanda. Nikaisoma aya ile mnayoijua, inayotuamuru kumtii Mungu, kumtii Mtume, na wale wenye mamlaka miongoni mwetu. Nikafika hapo kwenye mamlaka, nikasimama. Nikaanza kunguruma. Nikaeleza adhabu ya mwasi, nikaeleza fitina, nikaeleza mataifa yaliyoangamia, yote hayo kwa ajili ya vichanja vya usipa. Na mnajua kanuni yetu: khatibu akiwa juu hakuna anayeruhusiwa kusema, hata kumwambia mwenzio nyamaza ni kosa. Padri anaweza kusikia mtu anakohoa kwa makusudi. Sisi tunasikilizwa kimya, na ukimya ule mjinga anauchukua kuwa ni kukubaliwa. Nikaomba dua, nikashuka, na Mheshimiwa akanishika mabega yote mawili.

Kesho yake Mama Mwanaidi alifungua kamba za vichanja vyake kwa mikono yake. Wengine wakamwona, nao wakafungua. Hakuna mgambo aliyekanyaga pale. Sikuwa na haja ya kuuliza kwa nini. Mgambo nilikuwa mimi.

Mgeni hakuja. Ilisemekana ratiba imebadilika. Ila uzio ulikuja, nguzo na waya, ili mchanga uendelee kuwa safi kwa ajili ya wageni wengine watakaobadilisha ratiba. Wiki mbili zikawa mwezi, zikawa mwaka. Kina mama wakahamia kwenye majabali ng'ambo ya kijito, mahali ambapo usipa wanaungua chini na juu bado wabichi, na kunguru wanachukua fungu lao bila kuuliza. Masika yalipoingia usipa waliozea pale pale. Mama Mwanaidi akahitaji mtu wa kulinda kunguru na mtu wa kubeba. Wote wawili ilibidi wawe Mwanaidi. Akaacha shule.

Mama yake alinijia asubuhi moja, amesimama mlangoni, hakukubali kiti.

"Ustadhi, nimetii. Sasa na mimi nikalalamike wapi? Aya haisemi?"

Nikamwambia, "Mama Mwanaidi, subiri. Subira ina malipo."

"Subira ninayo," akasema. "Usipa ndio hawana."

Sikulala vizuri, lakini msinionee huruma, niliamka nikaenda kwenye mkutano mwingine na nikala sambusa zao. Wiki ile ile nikapanda gari kwenda Mbinga kwa mwalimu wangu, Sheikh Mbwana, aliyenifundisha alifu na be nikiwa sijui hata kufunga kikoi. Alikuwa ameoa Mmatengo, akajifunza kilimo cha ngoro kwa wakwe zake, yale mashimo ya mlimani yanayozuia mvua isiondoke na udongo. Nilimkuta shambani anapogoa kahawa, sweta juu ya kanzu, kamasi za baridi. Nikamwamkia, nikamsimulia ya hotuba, mjane na uzio, kisha nikaanza kumweleza habari za fitina na maslahi ya umma. Akaendelea kupogoa.

"Isome hiyo aya," akasema.

Nikaisoma mpaka kwenye mamlaka.

"Endelea."

Nikaendelea, pale inaposema kwamba mkigombana katika jambo, lirudisheni kwa Mungu na kwa Mtume.

"Kumbe unaijua yote," akasema. "Basi Ijumaa ile ulikatwa na pumzi?"

Nikainama. Akaniuliza, "Kwenye kutii wametajwa wangapi?" Nikasema watatu. "Na kwenye kurudisha ugomvi?" Nikahesabu. Wawili. "Huyo wa tatu, mwenye mamlaka, kaenda wapi?"

Nilikuwa nimeisoma aya ile tangu utotoni na sikuwa nimemtafuta.

"Kaenda kukaa na yule mjane," akasema Sheikh Mbwana. "Penye ugomvi naye ni mgomvi tu, anangoja hukumu kama mwenzake. Wewe umemwondoa kwenye mkeka wa wagomvi ukamweka kwenye kiti cha hakimu. Na hotuba ya kumtii umempa bure, wala hakukuomba mara mbili."

Nikajitetea kwa maslahi ya umma. Nilidhani nimempata. Akaweka mkasi chini. "Maslahi ni mlango mkubwa katika dini yetu, na ndiyo maana kila mwizi anapenda kupita hapo. Kwanza kautafute umma wenyewe. Ukiutafuta ukakuta ni mtu mmoja na waya wake, huyo si umma. Pili, utazame madhara. Kuzuia madhara kunatangulia kuleta faida. Faida yenyewe ilikuwa nini? Mgeni asipige chafya?"

Kisha akasema lile lililonifanya nitamani kurudi chini siku hiyo hiyo. Kosa la siri, toba yake ya siri. Kosa la mimbarini, toba yake mimbarini. Na haki ya mja Mungu hakusamehe mpaka mja mwenyewe akusamehe. "Kwa hiyo una kazi mbili," akasema. "Ijumaa, na kwa yule mama." Akanifungashia kahawa, nikashuka.

Mnadhani Ijumaa iliyofuata nilitubu? Mnanipenda sana. Nilikaa miaka minne. Nilisema nasubiri wakati mwafaka, nilisema imamu lazima awe na hekima. Woga ukivaa kanzu unaitwa hekima, na unapewa kiti cha mbele.

Katika miaka hiyo nilijifunza ufundi mdogo mdogo, na huo nawapa bila malipo. Mkubwa akitaka umtolee fatwa, mwombe aandike swali kwa mkono wake na aweke sahihi. Maswali mengi hufa hapo. Akikuuliza jambo usilolijua, sema sijui, na akikuuliza unalolijua lakini anataka jibu lake, sema ngoja nikasome. Dua ya viongozi msiiache, ni desturi nzuri, lakini mwombeeni uongofu na uadilifu, hivyo havina chama. Mwaka mmoja wa uchaguzi Mheshimiwa alitaka nimwombee ushindi, mbele ya watu, na mpiga picha amekuja. Nikainua mikono. Nikasema, Ee Mola, kama unajua huyu ana heri na sisi, mlete kwetu, na kama unajua hana heri, mweke mbali nasi, nasi utuweke mbali naye. Safu zote tatu zikaitikia amina kwa sauti ambayo sijaisikia tena. Mheshimiwa aliitikia kuwashinda wote. Alishinda uchaguzi, kwa hiyo dua nayo ina siri zake.

Msije mkadhani nawafundisha kutukana serikali. Nimewaona makhatibu wa aina hiyo pia, anapanda anafoka, watu wanatikisa vichwa, anashuka anaona amepigana jihadi, na mjane bado yuko majabalini na kunguru. Anayemlamba mkubwa viatu na anayemtukana, wote wawili bila mkubwa hawana hotuba. Sheikh Mbwana alikuwa akisema, anza kwa aliyedhulumiwa, halafu rudi kwenye Kitabu, mkubwa utamkuta njiani.

Kilichonitoa woga si ushujaa. Sheikh Mbwana alifariki, nikaenda kumzika, na kaburini wakaniomba nisome. Nikaanza kusoma nikaona aibu kusikia sauti yangu. Nikajiambia, yule aliyekuwa anajua kwamba una deni la maneno ameondoka, sasa umebaki wewe na Mama Mwanaidi na Mungu, na wote wawili wananyamaza.

Ijumaa ile Mheshimiwa alikuwepo, maana uchaguzi mwingine ulikuwa unanukia. Nikapanda. Nikaisoma aya yote mpaka mwisho, nikairudia. Nikasema, "Miaka mitano iliyopita, mahali hapa, niliwasomea nusu ya aya hii. Nusu ya pili niliijua, nikaificha. Kwa nusu ile kina mama waliondoka mchangani. Mimi ndiye niliyewaondoa, na dini haikuwaondoa. Natubu kwa Mungu mbele yenu." Kanuni ya kutosema ilishikwa, nikasikia tu feni.

Baada ya swala Mheshimiwa akanivuta pembeni. Safari hii mkono haukugusa bega.

"Sheikh, umenivunjia heshima mbele ya watu wangu."

"Sikukutaja, Mheshimiwa. Nimejitaja mwenyewe."

"Watarudi pale. Unajua watarudi."

"Kama unadhani hawana haki, ni ugomvi," nikasema. "Na ugomvi tumeshasoma unapelekwa wapi. Njoo tukae mkekani, wewe na wao, tuusikilize."

Hakuja mkekani. Jumamosi asubuhi kina mama walivuka kijito na vichanja vichwani. Waya wenyewe ulikuwa umeshapungua. Nusu yake ilikuwa mabandani mwa kuku hapo kijijini, siwezi kusema kwa nani. Mama Mwanaidi akaenda katikati, akasimika nguzo zake palepale, hakupima.

Mheshimiwa alikuwa mwanasiasa, si mjinga. Wiki mbili baadaye alikuja na spika na utepe mwekundu, akawakabidhi rasmi kina mama mchanga ambao walikuwa wameshauanikia usipa. Akahutubia habari za kuwajali wanyonge. Akakata utepe, mkasi ukagoma, akapewa kisu cha samaki. Mimi nilialikwa kuomba dua. Nikatuma salamu kwamba kanzu imefuliwa na haijakauka.

Ilibaki kazi ya pili. Nikaenda kwa Mama Mwanaidi, akiwa mchangani anatandaza. Nikamwambia, "Mama, nimekuja kuomba radhi. Nilikudhulumu."

Hakuacha kutandaza. "Mchanga umerudi," akasema. "Kwa mchanga nimekusamehe, Ustadhi, wala sina kinyongo. Kwa shule ya Mwanaidi siwezi. Si yangu. Kamwombe mwenyewe."

Mwanaidi wakati huo alikuwa ameolewa Mbinga, anauza usipa wa mama yake sokoni. Nikapanda tena ule mlima. Nilimkuta kwenye meza yake, amejifunga khanga juu ya koti, mteja mmoja mbele yake. Aliponiona akasimama.

"Shikamoo, Ustadhi."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza yote, nikiwa nimesimama kati ya mafungu ya usipa, bila mimbari. Kwamba niliificha nusu ya aya, kwamba shule yake iliondoka kwa sababu ya hotuba yangu, kwamba nimekuja kuomba anisamehe. Akanisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa msikilizaji mzuri tangu madrasa.

"Hotuba zako nilikuwa naziandika," akasema. "Shuleni walikuwa wanaturuhusu Ijumaa, nakuja na daftari, naandika kila ulichosema. Nilitaka niwe mwalimu kama wewe."

Nikauliza kama daftari lile bado analo.

"Hiyo ya kutii ilikuwa ya mwisho," akasema. Akamgeukia mteja, akachota kipimo, akakiongeza kidogo kama mama yake anavyofanya. "Kurasa zilizobaki tulifungia usipa."